Tusimhukumu Mbwa kwa Aina Yake: Sheria Imtazame Mwenye Mbwa na Chanjo

Haya ni maelezo ya afisa wa mifugo kwa wakaazi wa Bodo, Kaunti Ndogo ya Msambweni, katika baraza lililojadili mapendekezo ya sheria ya kaunti kuhusu mbwa. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakaazi wa wadi zote.



  Najua kuna nyavu za kushonwa na shamba halingoji.

Nimeletwa hapa na jambo moja. Kila mtoto anapong'atwa na mbwa hapa pwani ya kusini, maneno ni yale yale: kaunti ipige marufuku mbwa wakali. Ukiuliza mbwa wakali ni wepi, utatajiwa Rottweiler, pitibuli, Boerboel na yule mbwa wa Kijerumani anayetumiwa na polisi. Kwa ufupi, ni wale tunaowaona nyuma ya mageti ya Diani. Sasa wapo wanaotaka iandikwe sheria yenye orodha ya aina hizo, na atakayepatikana na mmoja wao anyang'anywe.

Naielewa hasira hiyo. Mzazi aliyeshika mguu wa mwanawe unaovuja damu hataki hotuba. Lakini kazi yangu ni wanyama hawa, na ningekuwa nawadanganya kama ningenyamaza. Sheria ya orodha ya aina haitamlinda mtoto wa Bodo. Nitaeleza kwa nini, kisha nitasema ni sheria gani ingemlinda.

Mbwa wawili njiani

Tuchukue mfano. Mtoto ametoka nyumbani alfajiri, anakwenda chuoni. Njiani anapita mbwa wawili.

Wa kwanza ni mkubwa, mweusi, kifua kipana. Yumo ndani ya ua wa mtu aliyejenga karibu na barabara. Anabweka mpaka mtoto anatetemeka. Lakini geti limefungwa, na mwenyewe ana kadi ya chanjo ya mbwa wake.

Wa pili ni mbwa wetu wa kienyeji, mwembamba, rangi ya mchanga. Mchana anashinda ufuoni akingoja matumbo ya samaki. Usiku yumo shambani mwa mtu, anafukuza nguruwe wasile mihogo. Ukiuliza ni wa nani, kila mtu atakwambia ni wa jirani. Watoto wamemzoea, hata hawamtazami. Huyo hajapata kuchanjwa tangu azaliwe.

Yupi wa kuogopwa? Macho yetu yanakwenda kwa yule mweusi. Lakini mbwa anayeua watu wengi katika nchi hii ni wa namna ya huyu wa pili, na haui kwa ukubwa wa meno yake. Anaua kwa mate yake, akishaambukizwa kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu umejulikana Kenya tangu 1912. Ni zaidi ya miaka 100, na bado unatuzika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, karibu 99 wameupata kwa mbwa. Na katika kila watu 10 wanaofariki, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa ya kumrudisha. Ndiyo maana nasema tuelekeze macho mahali kifo kinapotokea.

Virusi vya kichaa havijui aina ya mbwa. Haviulizi kama baba yake alitoka Ujerumani au alizaliwa Ramisi. Vinauliza jambo moja tu: amechanjwa au hajachanjwa? Sheria ya orodha ingemkamata yule mweusi mwenye kadi, na ingempita huyu wa mchangani asiye na kadi wala mwenyewe. Mtoto angebaki na hatari ile ile aliyokuwa nayo jana.

Nani atakayeisoma orodha?

Sheria ikitaja aina, lazima awepo mtu wa kusema mbwa huyu ni wa aina hiyo. Mbwa hana kitambulisho. Na wengi wa mbwa wetu ni mchanganyiko. Mbwa wa Diani anaruka ua usiku mmoja, na baada ya miezi miwili tunapata watoto sita katika kichaka cha mwenzetu: mmoja kichwa kikubwa, mmoja mweusi, wanne kama mama yao. Askari wa kaunti akija na orodha yake, atawachukua wangapi? Kwa kipimo gani?

Msidhani ni sisi tu tunaoweza kukosea. Watafiti katika jimbo la Florida, Marekani, walilinganisha macho ya wafanyakazi wa vituo vya kutunza mbwa na vipimo vya damu vya DNA. Hao ni watu wanaoshinda na mbwa kila siku, madaktari wa mifugo wakiwemo. Mbwa wengi waliowaita pitibuli, damu ilikataa. Ikiwa wao walikosea hivyo, je, askari aliyefundishwa asubuhi moja?

Na mnajua ni nani huumia sheria inapotegemea macho ya mtu. Tajiri ataleta wakili na daktari wa kuandika barua kwamba mbwa wake ni aina nyingine. Mzee mwenye shamba la mahindi kule ndani, anayemtegemea mbwa wake kufukuza nyani, hatakuwa na barua. Sheria inayomwacha afisa akadirie kwa macho pia hufungua mlango wa kitu kidogo. Hilo sihitaji kulieleza zaidi.

Waliojaribu kabla yetu

Hatungekuwa wa kwanza. Uingereza ilitunga sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 na kutaja aina nne: pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo wa Argentina na Fila wa Brazili. Miaka ikapita, na wanaolazwa hospitalini kwa kung'atwa wakaongezeka badala ya kupungua. Mwishoni mwa 2023 ikabidi waongeze jina la tano, XL Bully. Hiyo ndiyo tabia ya orodha. Ukikataza jina moja, anayetaka mbwa wa kutisha watu atatafuta mwingine ambaye jina lake halimo.

Uholanzi ilikataza pitibuli mwaka 1993, baada ya watoto kuuawa. Mwaka 2008 serikali ikaamua kuiondoa sheria hiyo, kwa sababu watu waliendelea kung'atwa kama zamani. Mji wa Denver kule Marekani ulikuwa na marufuku ya pitibuli tangu 1989. Novemba 2020 wakaazi wenyewe walipiga kura kuiondoa, na badala yake mwenye mbwa wa namna hiyo akatakiwa kuwa na kibali chenye masharti.

Nchi hizo zina pesa kuliko sisi, zina maabara na maafisa wengi. Kama orodha haikuwafaa wao, sioni itakavyotufaa sisi tunaogawana gari moja wadi kadhaa.

Mbwa aliyefichwa

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu zaidi.

Mtu akijua mbwa wake atachukuliwa, atafanya nini? Atamficha. Atamfungia nyuma ya nyumba, au atampeleka kwa shemeji yake Kikoneni. Siku tukipita na kipaza sauti kutangaza chanjo, hatamleta, kwa maana kumleta ni kujishtaki. Akimng'ata mtoto wa jirani, mwenye mbwa atamwomba jirani wayamalize nyumbani, mtoto asipelekwe hospitali mambo yasije yakajulikana. Hapo ndipo mtoto hufa. Hatakuwa ameuawa na ukubwa wa meno. Atakuwa ameuawa na siri.

Kichaa cha mbwa hudhibitiwa kwa hesabu. Katika kila mbwa 10 wa eneo, tukichanja 7, ugonjwa unakosa pa kupita na unakatika. Tukichanja 3 tu, tumepoteza dawa. Kwa hiyo kila mbwa anayefichwa ni tundu kwenye wavu. Nyinyi ni wavuvi, mnajua tundu moja linavyopitisha samaki.

Hata ile njia ya zamani ya kuwaua mbwa kwa sumu na risasi haikuumaliza ugonjwa. Ukiua mbwa wa kijiji kizima, waliochanjwa wamekufa pamoja na wasiochanjwa, na mwezi ujao wanaingia wengine kufuata yale yale mabaki ya samaki. Hao wageni hujui wametoka wapi wala wana nini.

"Lakini mbwa mkubwa anaua!"

Hili ni swali la haki, na silikimbii. Ni kweli mbwa mwenye taya kubwa akimshika mtu humwumiza kuliko mbwa mdogo. Mtoto anaweza kuuawa palepale. Anayemfuga mnyama mwenye nguvu ana mzigo mkubwa zaidi wa kumlinda jirani yake.

Lakini ukali hautoki kwenye jina. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vivyo hivyo. Wapo wanaomfunga mbwa mnyororo mfupi mchana kutwa juani, wanampiga, wanamnyima chakula makusudi ili awe mkali wa kulinda. Mbwa huyo akikatika mnyororo, hata akiwa wa kienyeji, atamrukia wa kwanza kupita. Kumtesa mnyama namna hiyo tayari ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Na kuna mbwa wakubwa wa aina zile zile zinazoogopwa wanaoishi na watoto nyumbani miaka yote bila kumgusa mtu.

Tuna msemo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Lakini sijapata kumwona mvuvi wa Bodo akimwaga tenga zima baharini kwa ajili ya changu mmoja. Anamtoa aliyeoza, anaosha tenga, anauza waliobaki. Na kwa mbwa tufanye hivyo: aliyeng'ata, aliyemvamia mtu, anayeachwa kurandaranda, huyo ndiye wa kushughulikiwa, awe wa Rottweil au wa Ramisi.

Scotland bado inafuata ile orodha ya Uingereza, lakini mwaka 2010 iliongeza sheria nyingine inayomhusu mbwa yeyote asiyedhibitiwa. Afisa wa halmashauri humwandikia mwenye mbwa notisi: mbwa wako akitoka afungwe mdomo, au awe na kamba, au mpeleke akafunzwe. Anayebanwa ni mtu, kwa sababu mtu ndiye anayeweza kusoma notisi.

Sheria ambayo ingetufaa

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao, na imetaja wazi utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo uwezo tunao. Kutunga sheria ni kazi ya Bunge la Kaunti, wala si yangu, na Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge hilo liwashirikishe wananchi. Mswada ukiletwa, mtaitwa mtoe maoni. Mimi, kama mtaalamu, ningewaomba mtetee mambo haya:

Kwanza, kila mbwa awe na mwenyewe anayejulikana, aandikishwe kwa ada ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na avae mkanda shingoni. Ada ikiwa kubwa, watu wataficha mbwa.

Pili, chanjo ya kichaa kila mwaka iwe lazima kwa kila mbwa, bila kujali aina.

Tatu, mbwa asiachwe kuzurura. Anayelinda shamba alale shambani. Anayelinda nyumba awe na ua usioruka wala kupenyeka.

Nne, mbwa aliyemng'ata au kumvamia mtu apimwe kwa kitendo chake. Mwenyewe apewe masharti ya maandishi, agharamie matibabu, na akirudia aadhibiwe. Mbwa akithibitika hafai kuishi na watu, daktari wa mifugo aamue, bila mateso.

Tano, tusafishe tunakovulia. Matumbo ya samaki yakiachwa ufuoni, tunafuga mbwa wasio na mwenyewe bila kujua.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji orodha ya aina. Wala Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, haikuanza kwa kuuliza aina. Inamwangalia mbwa, awe yeyote, na ugonjwa.

Wenzetu wa Pemba

Kuna mtu atasema haya ni ya Wazungu, sisi ni watu wa dini, mbwa kwetu ni najisi. Mimi si sheikh, na bwana imamu yuko hapa atanisahihisha. Ninavyofahamu, dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Kinachofanyika kwetu ni kwamba mtu anamtumia mbwa lakini hataki kuitwa mwenye mbwa. Faida ni yake, jukumu ni la jirani.

Basi tuwatazame watu wa dini kama sisi. Vukeni bahari kidogo tu hapo kusini, kisiwani Pemba. Wengine wenu mna ndugu huko, na Wapemba tunavua nao hapa. Mwaka 2010 walianza kampeni za kuchanja mbwa kila mwaka. Kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha kisiwani. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka bara. Hawakuandika orodha ya aina. Walirudi kuchanja kisiwa kizima, na kufikia Oktoba 2018 kikakatika mara ya pili. Mbwa wao ni hawa hawa wa mchangani, na watu wao wanajihadhari na najisi kama sisi. Kama wao waliweza, na sisi tunaweza. Nchi yetu nayo ina mpango wa taifa, wa 2014 hadi 2030, wenye lengo kwamba asife mtu tena kwa ugonjwa huu.

Ukiumwa leo

Kabla sijamaliza, watoto, nanyi nisikilizeni. Mbwa akikung'ata au akikuparura, hata kidogo, hata kama ni mbwa wa nyumbani, usimfiche mama. Sema siku hiyo hiyo.

Mzazi, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya mitishamba. Na hili nalisema kwa heshima: kule kuosha mara saba, moja kwa mchanga, tunakofundishwa kwa chombo alichokiramba mbwa, si kwa kidonda. Mchanga usiingie kwenye kidonda. Halafu nenda hospitali mara moja ukapate ushauri wa chanjo. Ukipangiwa sindano kadhaa kwa tarehe kadhaa, zimalize zote. Mtu anaweza kukaa miezi miwili au mitatu hana dalili, akadhani amepona, naye hajapona.

Mbwa aliyeng'ata msimuue haraka. Afungwe mahali salama, tumchunguze kwa siku 10. Mkimwua na kumtupa kwenye mikoko, mmetuondolea jibu. Akiwa anatokwa na mate, taya imelegea, anang'ata mbao na mawe, msimkaribie. Tupigieni simu, au mwambieni naibu chifu.

Mwisho

Chanjo iko pale kwenye boksi la barafu, karibu na ukumbi. Leo hulipi kitu. Mlete mbwa wako, hata mtoto wa mbwa. Kama hutaki kumgusa, mfunge kamba umvute, sisi tutamshika. Na yule wa rangi ya mchanga anayeshinda ufuoni, ambaye ni wa jirani, kesheni mkiulizana ni wa jirani yupi, lakini leo mmoja wenu amlete.

Sitamwuliza mtu mbwa wake ni wa aina gani. Nitauliza jina la mwenyewe, niliandike kwenye kadi.